Collecteur Niliyobeba ku Mugongo

Semeki yangu, mudogo ya bwana yangu, aliingiza gari moja mu parcelle, kiwanja ya nyumba yetu ya Muhumba, asubuhi, kisha akafunga portail, ule mulango mukubwa ya inje, yeye mwenyewe. Pale njo mashaka yangu ilianzia. Huyu hafungake portail. Mbuzi ya majirani inaingiaka nyuma yake.

Gari ilikuwa ya patron yake, muuzaji ya zahabu mwenye alikuwa Kamituga, kule ku machimbo: nyekundu, milango mbili, chini chini kama ya mashindano. Haiwezi barabara ya kule, njo alimuachia aichunge.

"Patron anajua uko unaifungua?" nikamuuliza vile alitoa bifaa.

"Maman, anajua yote. Ni collecteur tu, ile mabomba inakusanya moshi ku moteur. Imepasuka."

"Na garage?"

"Ku garage batu ni bengi."

Bwana yangu alikuwa safarini. Kama ile gari ilikuwa na maneno ya wizi, polisi ingeikuta kwangu, batoto yangu banaangalia. Nikafanya ishara ya musalaba, nikaleta kiti na ungo ya maharagi, nikakaa pembeni yake.

Aliacha moteur ipoe, akapakaa mafuta ku écrous, zile nati zenye kutu, akangoja. Kila écrou yenye ilitoka nilisema: "Leta hapa." Nikazifunga mu pembe ya kitenge, kama vile nafungaka sadaka ya misa.

"Semeki, unaniogopa?" akaniuliza, maana sisi wawili tunaitanaka hivyo.

"Naogopa Mungu. Wewe, nakuchunga."

Collecteur ikatoka, mabomba ine imejikunja. Akasema: "Nakimbia nayo Kadutu ku soudeur, ule anaunganishaka chuma, narudia saa hii."

Kadutu! Ku soko ya kule kipande ya gari inapata mununuzi mbele ya kupoa.

"Tunaenda wote."

Nikafunga collecteur mu kitenge ya zamani, nikaiweka ku mugongo vile tunabebaka mutoto. Moto, ile pikipiki tulipanda, ikatuacha chini ya mulima, tukapanda kanjia kwa miguu. Bamotari bakacheka:

"Maman, huyo mutoto iko na miguu ngapi?"

"Ine! Na baba yake hajulikane!"

Soudeur aliigeuza mara moja, akaangalia semeki.

"Tena? Papa, hii soudure si ni yangu? Ulinileteaka hii hii, kisha ya ile cortège, ule musururu ya magari ya ndoa. Nilikuambia usiikimbize na bibi-harusi ndani."

Semeki akaangalia chini. Njo pale nilielewa sababu alifunga portail. Alikuwa anabeba babibi-harusi mu gari ya patron, na patron hajue kitu.

Soudeur akaiunganisha tena, tukarudi. Semeki akairudisha ku moteur, akanyoosha mukono. "Écrous, maman."

"Pigia kwanza patron simu. Weka haut-parleur, nisikie."

"Atanifukuza!"

"Pengine. Lakini gari haitoke kwangu na uongo."

Akanawa mikono muda murefu, mafuta ilikuwa imeisha kutoka zamani. Kisha akapiga. Alieleza yote na sauti ya chini, ndoa, kupasuka, soudeur. Patron akaomba aseme na mimi.

"Aksanti, maman. Basi gari ibakie kwako mpaka nirudie."

Alisema mbio sana. Hiyo pia sikuipenda: pengine na yeye alikuwa na kitu ya kuficha ku hii gari.

"Hapana, papa. Utume mutu aichukue leo, wakati jua ingali juu."

Nikafungua fundo ya kitenge. Semeki akakaza écrous bila kuniangalia. Mutu ya patron alipofika, nilifungua portail pande zote mbili, nikaita jirani wa kushoto na wa kuume bakuwe bashahidi. Bakaiona inatoka, na semeki nyuma yake, kwa miguu.