Picha Niliyoirusha Kutoka Vuga

Niliondoka nyumbani Lushoto kwa ajili ya ndugu zangu wawili wakubwa. Dada Mwanahawa anaishi Vuga. Kaka Salimu alikwenda kuchuma chai Bulwa akiwa kijana, akaoa huko, na miguu ikamwishia nguvu akiwa hukohuko. Dada akipanda gari hutapika, na masikio yake hayasikii simu. Walikuwa hawajaonana tangu mama yetu alipofariki. Mwanangu aliponiletea kamera ndogo ya dijitali, nikasema nitampelekea kaka sura ya dada.

Kamera ilikuwa ya zile za mwanzo zinazorusha picha bila waya. Pale nyumbani nilibonyeza, picha ikatokea kwenye kompyuta. Mwanangu akabonyeza, ikarudi. Akaniambia, "Baba, inafanya hivyo humu ndani tu." Nikamjibu kwamba nilikuwa nikisikiliza redio kabla hajazaliwa, na mawimbi nayajua.

Asubuhi nilipita Soni, nikanunua mapeasi, nikafika Vuga umande ukiwa bado kwenye maharage.

"Shikamoo, dada!" nikapaza sauti.

"Marahaba. Ndicho hicho kidude cha kunipiga? Si ungekuja ningali na meno!"

Akaingia ndani kubadilisha nguo, akakawia. Nikamwita, "Dada, wingu linakuja! Kaka anataka uso, si nguo!" Akatoka amejitanda kanga iliyopauka, akaketi wima kama yuko mbele ya kadhi. Nikapiga. Sikumwuliza kitu.

Mchana, kabla ya kushuka Mombo, niliona kadi ya kamera imejaa picha za mabonde, nami nilitaka nafasi ya kupiga mashamba ya chai. Huku kwetu anayetafuta mtandao hupanda kilima. Nikapanda, nikaielekeza kamera upande wa Lushoto, nikabonyeza. Alama ya mawimbi ikawaka, ikachezacheza, ikazimika. Nikajua picha zimefika nyumbani, na kwamba nikiwa Bulwa nitaziita zirudi. Nikazifuta zote.

Siku ya pili gari la kutoka Muheza lilinifikisha Bulwa kwenye ukungu. Kaka alikuwa kibarazani, blanketi miguuni.

"Haya, mlete Mwanahawa," akasema, hata chai haijamiminwa.

Nikabonyeza. Nikatoka uani, nikabonyeza. Nikapanda juu ya jiwe, kamera juu ya kichwa. Wachumaji walikuwa wakipita na vikapu vyao, mmoja akanipigia kelele, "Mzee, hapo hata simu hazishiki!" Wenzake wakacheka, na kaka akacheka nao. Kisha akaniita.

"Shuka, mdogo wangu, usije ukavunjika. Nisimulie tu. Alivaa nini?"

"Kanga."

"Kanga gani?"

"Imepauka, kaka. Sikuangalia sana."

Akavuta blanketi. "Kumbe ulikwenda kuiangalia kamera."

Wakati wa kurudi nilipitia tena Vuga. Dada alinidaka mlangoni.

"Aliitambua?"

"Nini, dada?"

"Kanga! Aliniletea kwa mshahara wake wa kwanza wa chai. Naitunza sandukuni."

Ilinibidi nimweleze kwa kupaza sauti, kwa sababu ya masikio yake, hata majirani wakasimamisha majembe kusikiliza kosa langu. Hakunigombeza. Aliingia ndani, akaivaa tena, akaketi palepale.

"Piga. Na hii usiirushe. Ibebe."

Nikapiga, nikaahidi kurudi Bulwa mara moja. Nilipofika nyumbani nikasema nivune viazi kwanza. Viazi vilikuwa bado shambani simu ilipopigwa kutoka Muheza kunijulisha kwamba kaka amefariki.

Nimejifunza kwamba kutoka Vuga hadi Bulwa kuna mwendo wake, na hakuna kilima kinachoufupisha. Picha ya pili ninayo mpaka leo. Imetoka vizuri; hata maua ya kanga yanaonekana, moja moja. Kaka angeitambua.