Mfupa Shingoni

Leo buchani Igoma nimenusa mfupa mbichi, na redio inamsifu mkurugenzi wa kituo cha utamaduni, eti ndiye mama aliyeokoa lugha za kwetu. Mimi namjua. Alikuwa mwalimu mkuu wetu kule Pasiansi, na mtoto aliyeongea Kisukuma shuleni alimvisha mfupa wa ng'ombe shingoni.

Siku moja alitutuma mimi na mdogo wangu ziwani, tuchote maji ya kumwagilia maua ya ofisi yake. Mdogo wangu akateleza kwenye jiwe, akazama. Nikakimbia mpaka ofisini, nikalia kwa Kisukuma, maana Kiswahili chote kilinitoka.

"Sema Kiswahili," akaniambia, huku ananivisha mfupa taratibu. Kamba yake ilikuwa na mafuta, inanuka.

"Madamu…"

"Madamu nini? Anza na shikamoo."

Mwalimu wa zamu, naye simsahau, akacheka. "Huyu leo kaja na ng'ombe wake."

Nikasema shikamoo. Madamu akaitikia marahaba. Neno la kuzama nikalikosa, nikaonyesha ziwa kwa kidole.

Wakainuka, wakaja wanatembea. Mimi nilitangulia mbio, mfupa unanigonga kifuani. Maji yalikuwa yameshatulia.