Plonie na Mchirizi wa Tulipu Nyekundu

Apolonia Geertruida Warmerdam alikuwa binti wa Leendert aliyechoma mavuno ya mwaka mzima kwa mikono yake kuliko kuuza vitunguu vya maua vyenye ugonjwa, mjukuu wa Neeltje aliyemfukuza mkaguzi shambani kwa jembe, kisha akamwita arudi anywe kahawa. Sisi majirani tulimwita Plonie. Kwa miaka arobaini na mmoja kazi yake ilikuwa kupita kwenye safu za tulipu akisaka ua lenye mchirizi, mstari wa rangi tofauti ambao ni dalili ya ugonjwa. Akiliona, huling'oa pamoja na kitunguu chake kabla vidukari, wadudu wafyonza utomvu, hawajaueneza. Hakumwamini mtu. Hata mkate wa dukani aliupindua kwanza autazame chini.

Aprili ile nilifuatana naye na Maaike, binti wa kaka yake, kwenda bustani kubwa kutazama tuta lililopandwa vitunguu vya shamba lao. Vya aina ileile vilikuwa vimechanua nyumbani, na mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu. Akikuta ugonjwa, zao lote halipiti ukaguzi.

Wageni wakiwa wanapiga picha, Plonie akafungua mwavuli juani, maana mchirizi huonekana vizuri kivulini.

"Bibi, mvua iko wapi?" mlinzi akamtania.

"Iko pale unapotakiwa kufanyia kazi. Huko nako hujafika."

Akainama. "Maaike! Hili hapa. Na hili. Na hili! Wametubadilishia vitunguu, wezi hawa wa bustani!"

"Shangazi, mimi naona wekundu mtupu."

"Umelala wewe."

"Haya, litazame koti la mlinzi."

Koti lilikuwa la buluu, na machoni pa Plonie mchirizi uleule ulipita katikati yake. Plonie akafumba jicho la kushoto, ukatoweka. Akalifumbua, ukarudi. Mchirizi ulikuwa jichoni mwake, basi akamnyoshea Maaike mwavuli.

Maaike akauchukua mwavuli, akaanza upya polepole, ua kwa ua, hadi mwisho wa tuta.

"Shangazi, lipo moja kweli."

Plonie alikuwa amelipita mara mbili. Akalisogelea, akalikagua kwa jicho la kulia. Mchirizi ulikuwa mwembamba kama uzi.

"Mwite mtunza bustani aling'oe," akasema. Kisha, bila kututazama: "Kuanzia kesho alfajiri shamba ni lako kulikagua, safu zote, kabla ya Jumatatu. Ukilitilia shaka ua, ling'oe. Usimwamini mtu. Na mimi usiniamini."