Aliyekaa Mlangoni kwenye Tofali

Mmeniganda kama kupe niwaandikie habari za Ticha, na mkono huu haujazoea kalamu. Haya, someni, na asinirekebishe mtu herufi.

Ticha alikuwa mwalimu, peke yake na darasa lililofurika, nusu ya watoto sakafuni. Kuita majina kulimaliza kipindi, basi akaacha kuita. Mshahara nao ulikuja ukijisikia. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, vumbi la chaki haliliwi." Akaomba kazi ya uaskari gerezani, akapewa sare, viatu vipya na nyumba isiyovuja. Hata mimi nilimpongeza.

Huko kila kona ina askari. Asubuhi wafungwa wanachuchumaa uani mistari mistari, Ticha anapita akigusa kila bega na kuhesabu. Akipungua mmoja, king'ora kinalia, mbwa wanafunguliwa, mkuu wa gereza anatoka mbio na kandambili.

Siku moja akagusa bega, mwenye bega akacheka.

"Shikamoo, mwalimu."

Kijana wa ndevu changa, kaingia jana kwa kuvunja duka.

"Umenijulia wapi?"

"Darasani kwako. Nilikuwa nakaa mlangoni, kwenye tofali."

"Uliacha shule lini?"

"Kumbe hukujua!" Wenzake wakaangua kicheko. "Muhula mzima nilingoja utume mtu nyumbani. Hapa nikichelewa chooni tu, mnanitafuta na mbwa."

"Nyamaza," akasema Ticha. Hesabu ikampotea. Akaanza upya, bega la kwanza.

Tangu hapo akawa anaacha chakula nusu sahani.

"Unaumwa?" mkewe akauliza.

"Siumwi."

"Basi usiniambie unarudi kwenye chaki. Nakuona!"

Hakurudi, watoto wake wanakula. Ila siku yake ya mapumziko aliingia darasa lake la zamani, na sare mwilini kwa kuwa shati halijakauka. Watoto wakadhani kaja kukamata mtu. Akaita majina yote mpaka mwisho. Binti mmoja hakuitikia. Akauliza kwao wapi, akaenda kwa miguu.

Mama wa binti alipoona sare, akauliza kabla ya salamu. "Mwanangu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, dada. Hakuja shule tu."

"Kwa hilo tu wametuma askari?"

"Hawajanituma." Ticha akainamisha kichwa. "Na nimechelewa. Si kwa huyu, kwa mwenzake."

Sasa wewe uliyenisumbua, kesho asubuhi nenda shule ya mtaani kwako ukaulize nani hayupo. Usinirudie na pole. Niletee jina.