Alama ya Kamba kwenye Mkono wa Kushoto

Jumatano, tarehe 14 Julai 1971. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya Mutuini, kijiji chetu cha Dagoretti, halafu yakaja manyunyu, halafu baridi tu. Jua halikutoka siku nzima.

Siku hiyo niliomba ruhusa ya kurudi nyumbani mapema, na mimi sikuwa mtu wa kuomba ruhusa. Nilikuwa nafanya kazi ya nyumba kwa matajiri wa Lavington, Nairobi. Binti yangu, aliyekuwa na miaka miwili na kitu, alikuwa akishinda na mama mkwe wangu. Kwa muda nilikuwa nimeona alama kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto: mstari mwekundu, mwembamba, kama wa kamba. Mara ya kwanza nilisema ni sweta imembana. Mara nyingine sweta ilikuwa imeloa, imeanikwa, na alama ilikuwepo.

Mtoto alikuwa wa kushoto. Kijiko kushoto, jiwe kushoto, kunivuta nywele kushoto. Mimi pia nilizaliwa hivyo. Mwalimu alinichapa vidole mpaka nikahamia kulia, na nafikiri ndiyo sababu mwandiko wangu unalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua, ingawa huenda ningeandika vibaya hata kwa mkono ule mwingine. Siwezi kujua. Niliishia darasa la tano. Sitaki kusema ni kwa ajili ya mkono, maana nyumbani pia kulikuwa na shida zake. Lakini binti yangu sikutaka avunjwe.

Mama mkwe alikuwa amesema wazi tangu mtoto aanze kujilisha. Tuliongea Kiswahili, yeye cha sokoni na mimi cha jikoni kwa watu, maana yeye ni wa Dagoretti tangu babu zake, na mimi nilitoka magharibi.

"Mama mtoto, hii mkono itamletea taabu. Atasalimia watu na hii?"

"Bado ni mdogo, Cucu." Nilimwita nyanya kama mtoto alivyomwita.

"Huko kwenu mnapeana chakula na mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi."

Kwa haki, hakuwahi kumpiga. Kwa haki pia, hakuwahi kuniambia wanafanya nini mchana. Nikiuliza wameshindaje, alijibu, "Tulicheza," akarudi kwenye kiondo alichokuwa anasuka. Neno hilo lilinikaa vibaya. Yule hakuwa mama wa kucheza. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa magari mjini, alicheka nilipomwonyesha ile alama. "Mama alitulea sote, na hakuna aliyepoteza mkono."

Kule kazini, mtoto wa mwajiri wangu alikuwa wa umri huohuo. Siku za baridi mama yake alimkalisha kwenye zulia na kopo na vibanio vya kuanikia nguo, avibane ukingoni mwa kopo kimoja kimoja, au alimpa donge la unga wa ngano alifinyange. Alisema vidole vinapata nguvu hivyo, kesho vitashika kalamu vizuri. Mtoto alitumia mkono aliotaka na hakuna aliyetazama. Mimi nilitazama. Niliomba vibanio vilivyolegea, na Jumapili, mama mkwe akiwa kanisani, nilimwekea binti yangu upande wa kushoto. Makusudi. Alibana kopo lote, akamalizia kwenye pindo la sketi yangu.

Mama mkwe alivikuta dirishani. "Hii mbao ni ya nini?"

"Ya kucheza."

Alikigeuza kimoja mkononi, akanitazama. "Ya kucheza," akasema. Nikajua naye ananishuku.

Basi Jumatano ile nilishuka basi sokoni Dagoretti, nikatembea, na nilipofika uani nikavua viatu. Vilikuwa na matope, ni kweli, lakini nilivua ili nisisikike. Ukuta wa jiko ulikuwa na ubao uliopasuka. Nikachungulia.

Walikuwa wameketi juu ya gunia karibu na moto. Mama mkwe alikuwa anasokota katani pajani. Mtoto alikuwa na chupa tupu ya soda katikati ya miguu, na mbele yake ungo wenye mahindi na maharagwe. Aliokota punje kwa vidole viwili, ulimi nje, akaitumbukiza chupani. Ikalia ti. "Eeh," nyanya yake akasema bila kuinua macho. Punje nyingine. Mkono uliokuwa ukiokota ulikuwa wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeshika shingo ya chupa, na kamba ya katani ilikuwa imezungushwa hapo, chupa na mkono pamoja.

Niliingia miguu mitupu.

"Umemfunga."

Hakushtuka. "Nimefunga chupa. Ikianguka analia."

"Umefunga mkono, Cucu."

"Mkono inashika chupa. Hiyo ni kazi. Ama unataka ikae bure?"

"Na wa kulia ndio unaokota."

"Mmoja lazima iokote." Akaelekeza kidevu dirishani, kwenye kopo la vibanio. "Na wewe Jumapili unamwekea upande gani?"

Mtoto aliinua chupa nione, na mkono ukapanda nayo. Alikuwa anacheka. Angekuwa analia ningekuwa na nguvu zaidi, lakini alikuwa anacheka. Nilikata kamba kwa kisu cha mboga. Fundo lilikuwa legevu. Ningeweza kulifungua kwa vidole. Chupa ikaanguka, punje zikamwagika, na hapo ndipo akalia, kama nyanya yake alivyosema.

Hata leo sijui kama ile kamba ilikuwa ya chupa au ya mkono. Pengine yeye mwenyewe hakujua. Nilichotaka kujua ni mkono upi umebaki kuwa wa mtoto.

Jioni mume wangu aliporudi tulikula githeri, mahindi na maharagwe. Mama mkwe aliweka sahani ya mtoto katikati kabisa, si kulia si kushoto, na nilimwona akiipima kwa macho. Yeye hakuanza kula, wala mimi. Mtoto akaokota haragwe kwa mkono wa kushoto, akalitazama, akalihamishia wa kulia, akamnyooshea nyanya yake. Mama mkwe akalipokea, akalila. La pili mtoto akaliokota kwa kushoto na kujitia kinywani kwa huohuo.

"Kula, mama mtoto, inapoa," mama mkwe akasema.

Chumvi haikutosha. Nilikula.