Alichosema Mke wa Daktari

Pale Pasiansi, jijini Mwanza, hakuna aliyemwita Chenge kwa jina lake. Aliitwa Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki hata siku moja. Ualimu wake ulikuwa wa kibanda cha video: filamu ya Kizungu inawashwa, sauti inapunguzwa, naye anakaa kwenye kigoda kando ya runinga, maiki mkononi, anawaeleza watu nani anasema nini. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa. Watu walitoka Kirumba na Nyamanoro wakaviacha vibanda vya kwao kuja kumsikiliza, maana Mwalimu alikuwa na maneno. Jambazi wa Marekani, akipita mdomoni mwake, alitukana kama mpiga debe wa stendi.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mwalimu hakujua Kiingereza.

Tusimwonee, alikijua kidogo. Alijua njoo, toka, nakupenda, polisi, na matusi yote. Shule aliiacha kidato cha pili. Mengine aliyasoma usoni mwa watu: mtu akinuna, Chenge anamtafutia sababu ya kununa, akicheka, anamtafutia utani. Na kwa kuwa kibandani filamu hairudishwi nyuma, likishapita limepita, nani amuulize?

Siku hizi mambo yamegeuka. Filamu mpya ikitoka leo huko duniani, kesho iko kwenye simu ya dereva wa bodaboda. Watu wananunua bando, wanajifungia ndani na familia zao, na kibanda kimebaki cha kuangalia mpira. Chenge aliwasema sana watu hao. Kila kijiwe alichokaa alisema kuangalia filamu nyumbani ni kula pilau ya harusi peke yako chumbani: hakuna wa kupiga naye yowe, mtoto analia, mara mtu kaenda kuepua sufuria, utamu wote umekatika. Watu wakadhani anatetea ugali wake. Walikosea. Kilichomnyima raha ni kwamba nyumbani mtu ana rimoti. Anasimamisha, anarudisha, anauliza. Na siku hizi chini ya picha yanapita maandishi ya Kiswahili.

Sasa tumfikie Dorcas, Mama Elias, aliyekuwa akikaanga samaki mbele ya kibanda. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Jumamosi moja ya mvua, Dorcas alifika pale bila karai wala mafuta. Alikuwa na begi, na mdomo wake ulikuwa umevimba. Mumewe alikuwa amempiga tena, naye amekata shauri kurudi kwao Sengerema. Kivuko kilikuwa bado. Akaingia kibandani kujikinga mvua, akakaa nyuma kabisa na begi lake mapajani.

Siku hiyo ilikuwa filamu mpya, ya mke wa daktari anayeteswa na mumewe. Mwishoni mke anasimama mlangoni, mvua inamnyeshea, mume analia, watoto wanamkimbilia. Chenge alitazama watoto wale wakimkumbatia mama yao, akaona jibu liko wazi. Akaivuta maiki karibu, akalegeza sauti, akasema: "Nimerudi, mume wangu. Nimekusamehe. Nyumba haiachwi kwa sababu ya hasira za siku moja." Kibanda kizima kilipiga makofi. Dorcas alifuta machozi kwa khanga, akanyanyua begi, akarudi kwa mumewe.

Kesho yake alimletea Chenge sato mzima wa kukaanga. "Mwalimu, ulisema na mimi jana," alimwambia. Chenge alimla sato yule mpaka kichwa.

Hayo bado ni makosa ya mtu asiyejua. Lakini wiki hiyohiyo Jonathan, mwalimu wa kweli wa sekondari, alimvuta kando akamnong'oneza kuwa mke wa daktari hakusema vile hata kidogo. Alikuja kuchukua watoto wake aondoke nao. Chenge alimwambia ashughulike na mitihani yake. Akaionyesha filamu mara nne zaidi, na mara zote nne mke akarudi kwa mumewe, kwa kuwa makofi yalikuwa matamu. Dorcas naye akawa anakuja kazini leo jicho limevilia damu, kesho mkono umefungwa kitambaa. Mwaka wa tatu sikio lake la kushoto halikusikia tena. Chenge aliyaona yote. Alinunua samaki, akauliza habari za watoto, akaingia zake kibandani. Usiku mwingine aliona haya mpaka akajifunika shuka usoni kama vile kuna mtu anamtazama, na asubuhi akaamka Mwalimu kama kawaida.

Mume wa Dorcas alifariki mwaka juzi. Elias, kijana wao anayefanya kazi mgodini Geita, akamnunulia mama yake runinga kubwa inayoingia mtandaoni. Basi Jumapili moja baada ya ibada Dorcas akamsimamisha Chenge njiani.

"Mwalimu, sehemu ya pili imetoka!"

"Sehemu ya pili ya nini, Mama Elias?"

"Ya mke wa daktari! Imetoka wiki hii, mkwe wangu kaiona. Nikasema siiangalii bila wewe. Njoo saa tisa, nimekutengea samaki."

Angeweza kusema anaumwa. Hakusema. Pengine alitaka sana kuketi tena mahali watu wanamngoja. Alipiga pasi shati, akaenda. Alikuta sebule imefagiwa, kiti chake kimewekwa karibu kabisa na runinga, upande wa sikio la Dorcas linalosikia. Odeta, mke wa Elias, alimwamkia shikamoo, akashika rimoti.

Filamu ilianza kwa kukumbushia mwisho wa ile ya kwanza. Mlango, mvua, mume analia. Chenge alikohoa kusafisha koo, ila kabla hajafungua mdomo maandishi yakatokea chini. Dorcas, aliyejifunza kusoma ukubwani, huwa anasoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Ni-me-ku-ja ku-chu-ku-a wa-na-ngu. Ha-pa si-ru-di te-na."

"Odeta, hebu rudisha."

Odeta akarudisha. Dorcas akasoma tena, safari hii bila kukwama. Akamwomba arudishe mara ya tatu, akasoma kimoyomoyo, midomo tu ikicheza. Kisha akamgeukia Chenge, na uso wake haukuwa na hasira yoyote. Hilo ndilo lililommaliza.

"Haya maandishi yamekosea, Mwalimu," alisema kwa upole. "Huwa yanakosea. Wewe ndiye unayejua lugha. Tuambie, anasema nini?"

Chenge alitazama picha iliyosimama. Mlango wa kupona ulikuwa wazi kabisa, na ni Dorcas mwenyewe aliyemfungulia. Neno moja tu, na angeondoka pale akiwa bado Mwalimu. Aliona aibu kuwa bado anapima, sebuleni kwa mwanamke huyu, aseme au asiseme.

"Hayajakosea," alisema. "Mimi Kiingereza sikijui, Mama Elias. Sijawahi kukijua. Nilitunga."

Odeta aliinamisha macho. Dorcas alipeleka mkono kwenye sikio lile la kushoto.

"Ulijua lini kwamba hakurudi?"

"Wiki ileile."

"Wiki ile niliyokuletea samaki."

"Ndiyo."

Chenge alingoja kufukuzwa. Alikuwa ameshashika mikono ya kiti ainuke, na moyoni aliomba afukuzwe, atukanwe, hata amwagiwe maji, mradi atoke.

"Kaa," Dorcas alisema. Hakumwita Mwalimu. "Odeta, washa. Nataka kuona huyu mama aliishije alipoondoka."

Filamu ikaendelea. Mke wa daktari alipanda basi na wanawe, akapata kazi, akapanga vyumba viwili, akacheka. Dorcas alisoma kila mstari kwa sauti, mpaka mwisho, na Chenge akakaa pale saa mbili nzima kusikiliza.