Sikio langu halikuziba, lilikata (yaliyonikuta Makambako hadi Njombe)

Wakuu, poleni na majukumu. Ninayoandika hapa hayana chai hata kijiko kimoja. Nimechoka kuyaeleza kwa mdomo, maana kila nikieleza inabidi nimwombe mtu arudie swali. Nayamalizia hapa.

Naishi Makambako. Nalima parachichi, ila wengi wananijua kama mwalimu wa kwaya hapa usharikani kwetu, Walutheri. Kwaya hainilishi. Lakini ukiniondolea kwaya sijui nitabaki nani, na hilo ndilo lililonitesa kuliko sikio lenyewe.

Msimu wa baridi uliopita niliamka asubuhi moja sikio la kushoto kimya. Jana yake lilikuwa zima kabisa. Haliumi, halitoi usaha. Ndani kuna mvumo tu wa friji kuukuu, na nikisimama naona nyumba inayumba.

Nikamwambia mke wangu sikio limeziba.

Hilo neno, wakuu. Limeziba. Lilinitoka hivihivi, na kuanzia hapo kila mtu akashughulika kuzibua.

Wanaoijua baridi ya huku wanajua kwamba inasingiziwa kila kitu, kuanzia mafua hadi ndoa kuvunjika. Mke wangu akapasha mafuta, akanitia matone, akashindilia pamba, kofia ya sufu juu yake. Siku nne natembea hivyo. Tunasema limeziba, halafu tunaliziba zaidi.

Siku ya tano nikaenda duka la dawa. Nikasema limeziba, nikapewa dawa ya kulainisha nta. Wiki ikapita. Nikaenda zahanati, nikasema limeziba, nikapewa antibiotiki na kuambiwa nirudi zikiisha.

Simlaumu mtu. Kila mmoja alitibu kile nilichomwambia.

Huku mazoezi ya kwaya yanaendelea. Besi hukaa kushoto kwangu. Naona midomo yao inacheza, sauti siipati. Mimi nikaona wanazembea. Nikawafokea mbele ya wanakwaya wote, tena watu wazima.

Besi wanaongozwa na Baba Tumaini, mzee aliyeanza kuimba hapo kabla mimi sijazaliwa. Siku hiyo tukitoka nje akanisalimia, nami nikapita moja kwa moja. Kesho yake sokoni vilevile. Mara zote mbili alikuwa kushoto kwangu.

Huku kwetu mzee akikuambia "kamwene" usipoitikia, hiyo ni kesi. Zikaenea habari kwamba mwalimu siku hizi anaringa. Mimi niringe nini wakati hata ngazi za kanisani nazipanda kwa kushika ukuta?

Mke wangu alizisikia kwenye mashine ya kusaga. Alirudi na unga na hasira, akasema kesho tunaenda Njombe, na hakuniuliza kama nataka.

Njombe tukampata daktari wa masikio, mama mmoja mtaratibu. Akachungulia, akasema ndani ni safi, hamna nta wala uchafu. Akagonga kichuma fulani chenye umbo la uma, akakibandika katikati ya paji la uso wangu, akaniuliza nakisikia wapi.

Nakisikia kulia tu.

Akavuta kiti akahamia upande wangu wa kulia. "Baba, hili liliziba polepole au lilikata ghafla?"

Nikamwambia lilikata. Nililala nasikia, nimeamka sisikii.

"Lini?"

Mke wangu akahesabu kwa vidole. Siku ya kumi na tisa.

Daktari akaiandika hiyo siku kwenye faili. Akasema tatizo liko ndani, kwenye mshipa wa kusikia, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Dawa ipo, ila inafanya kazi zaidi ikianza siku za mwanzo. "Tutajaribu," akasema. "Siwezi kukuahidi."

Wakuu, nililia kwenye korido. Siku kumi na tisa nazibua sikio lisiloziba.

Nikapimwa sukari kwanza, nikaanzishiwa vidonge vya steroid. Sikulala vizuri, uso ukavimba, nikawa mkali hadi kuku wananikwepa. Nikapewa rufaa ya Mbeya. Huko wakanipiga picha ya kichwa, haikuonyesha kitu kibaya, na wakanidunga sindano kupitia ngoma ya sikio. Haiumi kama mnavyodhani, ila kizunguzungu chake si cha kusimulia.

Katikati hapo nilishauriwa kila kitu, mpaka kitunguu saumu sikioni. Nilijaribu. Kiliniunguza. Msijaribu.

Kilichorudi ni kidogo. Najua kwamba mtu anaongea, sijui anasema nini. Daktari anasema hatua inayofuata ni mashine ya kusikia, tena bila kuikatia tamaa wala kuitegemea sana.

Jumamosi moja nikaenda mazoezini kuaga. Nikawaeleza yote, nikawaomba radhi besi, nikamwomba radhi Baba Tumaini kwa jina, nikasema watafute mwalimu mwingine anayesikia.

Kama kuna aliyejibu, alijibu kutoka kushoto.

Baba Tumaini akainuka. Akashika benchi lake, akaliburuta kupita mbele yangu mpaka upande wa kulia. Besi wengine wakabeba ya kwao wakamfuata. Soprano ikabidi wahamie kushoto, na wale hata ukiwa kiziwi kamili utawasikia.

Kisha mzee akaja akasimama karibu na sikio langu zima. "Kamwene, mwalimu."

Nikaitikia.

Mpaka leo bado naongoza. Nachoka haraka, nikitoka mazoezini kichwa kinauma, na siku nyingine nakosa hata hamu ya kuongea na mtu.

Nilichojifunza: sikio likipotea ghafla usiseme limeziba. Sema limekata, taja na siku, na uende kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo. Mafuta ni ya kupikia.

Kama kuna anayetumia mashine kwa sikio moja, anisaidie: kwenye kuimba inasaidia au inavuruga? Andikeni tu, macho yangu ni mazima.

Na mkinisalimia Makambako nikapita bila kuitikia, zungukeni kulia.